Mbwa wa Bei ya Mkungu

Jumapili, 8 Machi

Mungu akigawa bahati, mimi Gadiel huwa nimeshafika na kapu. Leo baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka pale nje ya kanisa, nimejinyakulia mbwa. Si mbwa koko, ni mbwa wa ukoo. Masikio yamesimama, kifua kama cha mgambo, mgongo mweusi. Ile ni damu ya Kijerumani, na Wajerumani nawajua, nimewapikia sana porini enzi zile za safari. Watu walikuwa wanamgombea mpaka wanakanyagana. Nikawanyamazisha wote kwa kauli moja. Na nimempata kwa bei gani? Bei ya mkungu wa ndizi! Kikatiti nzima hakuna mwenye nyota kama yangu, na huko mlimani juu sidhani.

Alikuwa wa Bibi Anyesi, jirani yetu wa upande wa juu, kwenye mibuni. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya kivuli, na mwaka jana alitumbukia mferejini. Kwa hiyo kesho mwanawe Godbless anamhamishia kwake Sokon I, kule mjini. Huko ni nyumba ya kupanga, mbwa hawatakiwi. Basi wakati wenzake wanaleta mayai na ndizi, bibi kaleta mbwa na kamba shingoni, sadaka ya shukrani. Jina lake Karani. Marehemu mume wa bibi, Mzee Sifaeli, ndiye alimpa, maana tangu mdogo alikuwa akikaa pale kwenye mizani ya kahawa ananusa kila gunia kabla halijapimwa.

Mke wangu Tabea kamwangalia mbwa, kaniangalia mimi, kaingia ndani kafunga mlango. Furaha imemzidi.

Jumatatu, 9 Machi

Ananuka.

Jumanne, 10 Machi

Jana niliandika kifupi kwa sababu mkono wa kuandikia ulikuwa umeshika pua. Leo nieleze.

Mimi harufu si mgeni nazo. Nimepika futi chache kutoka bwawa la viboko. Nimelala hema moja na soksi za watalii walioshuka Meru kwenye mvua. Lakini huyu ni gunia la pumba lililoloa, ndani yake amefia panya, na juu yake mtu kamwaga maziwa ya wiki iliyopita. Tumboni manyoya yamesokotana na matope na samadi mpaka yamekuwa magumu kama kandambili. Kupe wa masikioni wamevimba kama kunde zilizolowekwa. Chini ya mkia kuna kitu kinaning'inia, mwanzo nilidhani ni kokwa la parachichi. Si kokwa.

Tabea kasimama mlangoni, khanga puani.

"Baba Bariki, huyo mnyama mara ya mwisho ameoga lini?"

"Mbwa wa ukoo haogi ovyo, mama. Analinda mafuta ya ngozi."

"Basi hayo mafuta akayalindie kule migombani."

Ijumaa, 13 Machi

Mvua imeanza. Karani kaingia jikoni. Aliyesema mbwa mkavu ananuka hajakaa na aliyeloa.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimemwogesha. Au niseme tumeogeshana.

Nilijipanga kama mtu wa dunia. Beseni kubwa la kufulia, maji ya uvuguvugu, mche wa sabuni, brashi ya viatu. Nilishaona pale Usa River mbwa wa mama mmoja wa Kizungu akioshwa kwenye sinki huku anaimbiwa, halafu anapulizwa hewa ya moto kama bibi harusi. Nikajisemea, kama yule mama mwenye mikono ya kushikia kikombe ameweza, mimi ninayepeta chipsi kibandani kwangu mchana kutwa nitashindwaje?

Nikamfunga kwenye mparachichi. Kopo la kwanza la maji lilipomgusa mgongoni alilia kilio mpaka majirani watatu wakatoka na mapanga wakijua mwizi kaingia. Maji yalitoka kwake ya rangi ya chai ya rangi, halafu ya kahawa, halafu rangi ambayo haina kinywaji. Viroboto vikaanza kupanda kichwani kutafuta nchi kavu, vingine vikaona mkono wangu ni daraja. Nikavua shati, vikashukuru kwa nafasi.

Nilipofika tumboni akatulia. Nikadhani ameshindwa. Nikafungua mdomo nimwamuru, "Tulia hivyo hivyo," na ndipo akajikung'uta. Mwili wote, kuanzia pua mpaka mkia. Mimi nimeonja supu za mataifa, wageni wakikataa napewa nimalizie, lakini ile ya leo sikuomba. Nilitema mpaka koo likakauka. Nimekunywa chai ya tangawizi mara mbili na bado kuna unywele mahali fulani ambapo ulimi haufiki.

Kamba ikakatika. Alikimbilia wapi? Kwenye zizi la ng'ombe la jirani. Alirudi amevaa.

Tabea alicheka akakaa chini kwenye matope na gauni lake. Huyu mwanamke hana huruma hata chembe. Nimegundua baada ya ndoa ndefu.

Jumanne, 17 Machi

Mteja kanusa chipsi zake, kanusa mkono wangu, karudisha sahani. Nimemwambia ni mafuta mapya.

Jumapili, 22 Machi

Matangazo ya kanisani leo yamenitoa jasho. Mwinjilisti Nathanael kasimama mbele ya usharika wote:

"Wapendwa, kuna mtu hapa tunamjua kwa mdomo tu. Lakini siku ile tulipomcheka mama yetu mjane, ni nani aliyepaza sauti? Gadiel, simama."

Nikasimama. Wakapiga makofi. Nikapunga mkono kama mgombea. Ila nikaketi kabla makofi hayajaisha.

Nje Tabea kaniuliza, "Hivi kwa nini hukumrudisha pale pale mnadani? Watu wote wananunua kuku, wanamrudisha, anauzwa tena, kanisa linapata mara mbili."

"Kitu cha bahati hakirudishwi, mama."

"Bahati inanilalia jikoni, imejamba asubuhi nikamwaga uji."

Ni kweli. Mimi mwenyewe nilitoka nje.

Alhamisi, 26 Machi

Godbless kapiga simu, sauti chini chini.

"Kaka Gadi, mama hali."

"Hali nini, nyama? Mjini nyama bei."

"Hali kitu, kaka. Chai tu. Anakaa barazani uso ameelekeza getini mchana wote. Nikimwekea ugali ananiuliza, Karani ameshakula? Nikimwambia ameshakula, anasema, basi na mimi nimeshiba."

Nilikuwa natafuna, nikaacha. Hilo kwangu ni jambo la kuandikwa.

Kaniambia amemwomba mama mwenye nyumba, Mama Jackline, mbwa aje hata siku moja tu bibi amshike. Mama Jackline kakubali kwa sharti: mbwa awe safi, atamnusa mwenyewe getini, na akiona kiroboto hata kimoja, mbwa, bibi na Godbless wote watafute pa kwenda.

"Hilo kwangu dogo," nikamjibu. "Nitakuletea mbwa anayenukia kuliko huyo mama."

Halafu nikageuka nikamwangalia Karani. Alikuwa anajilamba mahali, na alivyomaliza akaja kunilamba mimi.

Jumamosi, 28 Machi

Nilikwenda duka la dawa za mifugo. Nilikuwa nataka ile ya kuogeshea ng'ombe, nimalize kazi kwa siku moja. Dada wa dukani kaning'ang'ania, "Hiyo hapana, baba, utamuua. Chukua ya mbwa." Kanipa shampuu yenye picha ya mbwa anayecheka. Sijui walimpiga picha kabla au baada.

Manyoya ya tumboni yalishinda mkasi. Nikawa nayavuta, Karani analia, mimi namtukana, mvua inatunyeshea wote. Tabea katoka jikoni.

"Toka hapo. Unavuta kama unang'oa gugu."

Kakaa kwenye kigoda, kamlaza Karani mapajani juu ya gunia, kachukua kile kitana chake chenye mkia mrefu anachofumulia nywele za wateja. Akaanza kufumua. Fundo moja moja, kuanzia nchani, anapaka mafuta kidogo, anachokonoa, anaachanisha. Na anamsemesha vilevile kama mteja: "Vumilia dada yangu, nani alikusuka hivi? Alikuonea." Mbwa dume, ameitwa dada, kasinzia. Nilisimama pale na mkasi wangu nikajiona kama mgeni nyumbani kwangu.

Pasipofumuka nikanyoa. Chini ya manyoya kulikuwa na vidonda, na ndani ya kidonda kimoja kuna kitu kilisogea. Sitaandika zaidi. Tabea alikitoa kwa kibano cha nyusi zake, akasema, "Hiki kibano sasa ni chako."

Tulipofika nyuma nikamkamua vibaya bila kujua, akaachia kitu. Si mavi, si mkojo. Ni kitu cha tatu. Mimi niliishia kidato cha pili, huenda hicho kinafundishwa mbele. Kina harufu ya samaki aliyesahauliwa ndani ya gari juani. Kimeingia kwenye kidevu changu. Nimetapika nyuma ya choo, nikarudi, nikasikia tena, nikaenda tena.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Karani kala mfupa wa mbuzi, kautapika ndani ya kiatu changu cha ibada. Nilijua nilipovaa.

Jumatano, 8 Aprili

Ajabu ya Mungu, amekuwa msafi. Vidonda vimekauka, kupe hakuna, masikio yake ukiyafunua ni ya pinki kama ya mtoto wa nguruwe. Kalala mlangoni, Tabea kampita bila kushika pua. Nimempigia Godbless: Jumamosi tunakuja.

Ijumaa, 10 Aprili

Hatuji.

Ng'ombe wa jirani alizaa juzi. Walilifukia kondo la nyuma, lakini kwa mvua hii udongo umelainika, na Karani kazi yake ni kunusa. Kalifukua. Angelila ningemwelewa, ni njaa. Hakulila. Alilivaa. Kajigaragaza juu yake mpaka likawa shuka. Karudi nyumbani anatembea kwa madaha, kichwa juu, kitu kinaburuzika nyuma, nzi wanamsindikiza kama msafara wa arusi. Akakaa miguuni pangu akasubiri sifa.

Nilimpiga kofi. Moja tu. Hakukimbia. Aliinamisha kichwa akaendelea kukaa pale pale, na mvua ikaanza kumchuruzika, na mimi nikabaki na mkono unaonuka na aibu.

Godbless nilimdanganya kwamba barabara imeharibika.

Jumatano, 15 Aprili

Godbless kapiga tena. Juzi bibi aliwekewa dripu. Haendi tena barazani, kageukia ukutani.

"Kaka, kama hiyo barabara haijatengenezwa, nije nimbebe mbwa kwa miguu."

"Jumamosi hii," nikamwambia. "Hata kama itabidi nioge naye."

Nilisema kama utani.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilioga naye. Kugombana naye kwenye beseni nimechoka, nikaingia mwenyewe na kaptula, nikamkumbatia, Tabea akatumwagia maji wote wawili. Akatulia kabisa. Kumbe alichokuwa anakitaka ni kuona na mwenzake anateseka. Tukamsugua mara tatu. Tabea kamfuta kwa taulo letu la wageni, kamchana kuanzia shingoni mpaka mkiani, kampaka mafuta ya nazi kwenye pua. Aling'aa. Halafu mimi nikavaa shati jeupe la Jumapili, tukapanda kirikuu, kile kigari cha mizigo cha Loishiye kilichokuwa kinapeleka kabeji mjini. Nikampakata mapajani, nimemfunga khanga asiguse kitu.

Tulipofika Tengeru alinitazama usoni kwa upole mkubwa, akanitapikia shatini. Uji, mfupa, na kitu cha kijani. Nilishika kinywa chake ili kitu kisimrudie mwilini, kwa hiyo chote kikashuka kwangu, kikaingia kifungo kwa kifungo. Loishiye alitoa kichwa dirishani akaendesha hivyo.

"Gadi, nikupeleke kwenye maji?"

"Twende hivi hivi. Yeye hajachafuka."

Nilipofuta kwapa, nikasikia na ile nyingine, ya zamani, ya kondo na samaki na pumba. Wiki zote hizi uchafu wake ulikuwa haupotei. Ulikuwa unahamia kwangu.

Sokon I, getini, Mama Jackline alikuwa ameshasimama na mikono kiunoni. Mama wa mwili na sauti. Kainama, kamnusa Karani masikio, makwapa, nyayo, kama yeye Karani alivyokuwa akinusa magunia. Kainuka.

"Mbwa apite."

Nikapiga hatua.

"Wewe hapana. Wewe unanuka mbwa."

Nikabaki nje ya geti na shati langu. Niliona kila kitu kupitia vyuma. Godbless alimtoa bibi kwa kumshikilia, kamlaza barazani juu ya godoro. Jamani, amekuwa mdogo. Karani alimwona, akaenda kwa tumbo, anatetemeka, anatoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia. Kaweka kichwa kifuani pake. Bibi akamsukuma.

"Mwondoe huyu. Mbwa wa nani?"

"Mama, ni Karani."

"Karani namjua. Huyu hana manyoya, ananukia duka." Kamgusa tena tumboni pale nilipomnyoa, akatoa mkono kama aliyeungua. "Godi mwanangu, usinidanganye kwa sababu sioni."

Akaanza kugeukia ukutani.

Basi kazi yote ile! Nilimsugua mpaka nikamfuta jina. Nikapiga kelele pale getini: "Shikamoo Bibi Anyesi! Ni mimi Gadiel!"

Bibi kanyanyua kichwa. "Marahaba. Gadiel? Karani wangu umemwacha wapi?"

Mama Jackline kasema kitu, sikusikia, nilikuwa nimeshaingia. Nikapiga magoti kando ya godoro. Bibi kanishika mkono wa shati, kauvuta puani, uleule uliolowa, na mimi nageuza uso kwa kinyaa changu mwenyewe. Kavuta pumzi. Kavuta tena.

"Mm. Huyu hapa."

Nikauchukua mkono wake mwingine nikauweka kwenye sikio la Karani, lile lenye pengo alilong'atwa na nguruwe akiwa mdogo. Vidole vikalipata pengo. Vikakaa.

Halafu bibi kasema, "Gadiel, mbona umemvaa mbwa wangu?"

Nilicheka mpaka nikalia, au niliyafanya yote kwa pamoja. Kaomba ugali. Kala, tonge lake, tonge la Karani, la tatu kalisitisha hewani akaniuliza kama nami nimekula. Hapo nikatamani kulala chini.

Mama Jackline kafuta macho kwa upande wa khanga, kisha kanigeukia. "Mbwa abaki. Shati nalo libaki, maana naona ndilo kitambulisho. Lakini wewe, bombani! Na kila Jumamosi uje umwogeshe. Mbwa mchafu kwangu hakai."

Nikaoga pale uani kwa shampuu ya mbwa anayecheka, wapangaji wote wamejipanga kutazama, na bibi kutoka barazani anaamuru: "Nyuma ya masikio, Gadiel! Hapo ndipo panapobaki!"

Wakati wa kuaga kaniita karibu.

"Siku ile kanisani walicheka wote, baba. Mimi sioni, lakini kicheko nakisikia. Nikasema, Bwana, kumbe hata sadaka yangu ni takataka. Halafu nikasikia sauti moja. Yako. Ulimtaka mbwa wangu."

"Ndiyo, bibi," nikasema.

Nimerudi na fulana ya Godbless iliyonibana. Jikoni kunanuka kitunguu tu. Tabea kalifua lile gunia la Karani, kalianika, halafu akaliingiza tena ndani akalitandika pale pale mlangoni.

Sasa niandike, maana hapa hakuna wa kunipigia makofi.

Hakuna aliyekuwa akimgombea yule mbwa. Hakuna aliyekanyagwa. Sikumshinda mtu. Nilikuwa nyuma pale napiga porojo na wenzangu, nikaona mkungu wa ndizi za mshare umeegeshwa mbele, mnene, umekomaa vizuri, nikapaza bei. Kumbe zamu ya mkungu ilikuwa bado. Watu walipoangua kicheko ndipo nikageuka nikamwona mbwa. Nilikuwa nafungua mdomo niseme namrudisha, auzwe tena kama tunavyofanya siku zote, na bibi akaja akipapasa hewa mpaka akaupata mkono wangu, akanikabidhi kamba, akaukunja mkono wangu juu yake kwa mikono yake miwili. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno, ukakosa.

Mimi nilikuwa nataka ndizi.